Regyuleta ya Gesi: Yenye Inaingia, Yenye Haiingii na Yenye Unafaa Kutupa (Wasee wa Kisii na Nyamira, Hii ni Yenu)

Cheki hapo jikoni kwako. Kuna kidude cha chuma kinatoshea kwa ngumi, kimekaa juu ya mtungi wa gesi tangu uhamie hiyo keja. Ulikinunua mara moja, ukakibofya, jiko likawaka, ukasahau. Mtungi unabadilishwa, sufuria zinabadilishwa, hata marumeti wanabadilishwa, lakini hiyo regyuleta iko tu. Ukiulizwa ina miaka mingapi utaanza kukuna kichwa.

Na sai gesi iko kila kona. Ukitoka Nyanchwa na Mwembe upande Keroka, Nyansiongo hadi Nyamira mjini, ni nadra utembee bila kupita duka lenye mitungi imepangwa nje. Shida ni kwamba muuzaji anakuuzia gesi, halafu anakuuzia regyuleta “hii itaingia tu,” na story inaishia hapo. Wacha tuichanue polepole: inafanya nini, zinatofautiana aje, nini inabadilishika na nini haifai kuguswa.

Inafanya nini hasa

Ndani ya mtungi, LPG imekaa kama maji. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na juu ya hayo maji kuna mvuke wenye unasukuma. Kwa joto la nyuzi 20, propani pekee ingesukuma kwa karibu baa 7 juu ya hewa ya kawaida, na butani pekee karibu baa 1 (baa ya presha, si ile ya kuuza pombe). Mtungi wako uko mahali hapo katikati. Kwa kulinganisha, tairi ya boda inajazwa karibu baa 2.

Sasa jiko la kawaida la nyumbani linataka karibu milibaa 30, yaani 0.03 ya baa. Hata tukisema mtungi una baa 3 pekee, hiyo ni mara 100 ya kile jiko linahitaji. Kazi ya kupunguza hiyo mara 100, sekunde kwa sekunde, bila stima na bila mtu kuangalia, ndiyo kazi ya hiyo regyuleta yako.

Ukiifungua kwa mawazo (kwa mawazo tu, rudisha bisibisi), utapata vitu vinne. Kuna shimo dogo la gesi kuingilia lenye kifuniko chake cha mpira. Kuna utando wa mpira mpana, unaitwa diaframu. Kuna springi juu ya huo utando. Na kuna kijiti kinaunganisha utando na kile kifuniko. Ukiwasha jiko, gesi inatoka, presha chini ya utando inashuka, springi inausukuma utando chini, kijiti kinafungua shimo, gesi inaingia. Ukizima jiko, presha inapanda, utando unainuka, shimo linafungwa.

Halafu angalia mgongoni mwa regyuleta. Kuna katundu kadogo sana. Wengi wanadhani ni kasoro ya kiwanda na wengine wanakaziba na chingamu. Hako katundu ndiko kanafanya upande wa juu wa utando uguse hewa ya nje, ndiyo utando ujue presha ya kawaida ni gani. Kakizibwa na ugali uliomwagika ama mafuta yaliyokauka, utando unashindwa kucheza vizuri na moto unaanza kupanda na kushuka ovyo. Kama kanatoa harufu ya gesi, utando umepasuka. Hapo hakuna mjadala, hiyo regyuleta ni takataka.

Story ya Mfaransa na gari la gesi

Kuna kitu kimoja kuhusu hizi mashine chenye hakisemwi sana. Wale wapiga mbizi unaona kwa runinga wakiogelea na samaki pale Watamu, kifaa chao cha kupumulia pia kinaitwa regyuleta, na hao wawili ni ndugu wa damu.

Mwaka wa 1942 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na petroli ilikuwa adimu, so magari mengi yalibadilishwa yatumie gesi. Injinia Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza vali ndogo ya kupimia hizo injini gesi yao. Afisa wa jeshi la maji, Jacques Cousteau, akaenda kwake Paris akitafuta kitu cha kumpatia mpiga mbizi hewa wakati tu anapovuta pumzi. Gagnan akamtolea ile vali ya gesi. Wakaibadilisha, wakaijaribu mwaka wa 1943, na hapo ndipo Aqua-Lung ilitokea. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Miaka ya 1860 Wafaransa wengine wawili, Benoît Rouquayrol na Auguste Denayrouze, walikuwa tayari wametengeneza regyuleta ya utando kwa ajili ya migodi na kuzamia.

So kile kidude cha jikoni kwako Suneka na kile cha mdomoni mwa mpiga mbizi vinafanya kazi kwa akili moja: utando, springi, kijiti, na upande mmoja wa utando kuguswa na dunia ya nje. Kwako dunia ya nje ni hewa ya jikoni. Kwake ni bahari. Nitarudi huko chini, juu kuna mambo wao wanafanya na sisi hatufanyi.

Zenye ziko sokoni, na tofauti zake

Anza na meko ya kilo 6, ile ya wanafunzi wengi. Hii kwa kawaida haina regyuleta kabisa. Ile bana, kile kichuma chenye unawashia moto, inafungwa kwa kuzungushwa moja kwa moja kwenye mtungi, na kuna kipini chake kinafungua vali ya mtungi. Wewe ndiye regyuleta, kwa mkono wako kwenye hiyo kinobu. Presha yenye inapita hapo ni ya mtungi wenyewe. Ndiyo maana moto wa meko unaweza kunguruma kama lori linapanda Manga, na ndiyo maana huwezi kuchukua paipu, uifunge hapo kienyeji, uipeleke kwa jiko la mezani la plate mbili.

Kama unataka jiko la mezani na bado uko na mtungi wa kilo 6, kuna regyuleta ya kilo 6, ya kuzungusha, na inashusha presha hadi ile ya jiko. Hiyo ni sawa kabisa. Chenye si sawa ni vile viunganishi vya kulazimisha regyuleta ya kilo 13 ikae kwa mtungi wa kilo 6. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja, na pia kinainua mzigo juu, so mtu akiligonga jiko, mtungi unayumba.

Mtungi wa kilo 13 ndio wenye regyuleta ya kubofya. Unaisukuma juu ya vali, inalia “klak”, halafu unawasha kwa kinobu ama kijiti cha kugeuza. Hapa sokoni kuna ngazi tatu hivi. Kuna ya kawaida, isiyo na maringo, na kwa watu wengi inatosha. Kuna yenye inajifunga yenyewe paipu ikichomoka ghafla ama ikikatika, na kama una mtoto ama paka ndani ya nyumba, hiyo ndiyo mimi ningechukua bila kufikiria mara mbili. Halafu kuna yenye ina saa ya mshale.

Kuhusu hiyo saa, usidanganywe. Watu wanainunua wakidhani inaonyesha gesi imebaki kiasi gani. Mshale unapima presha, na presha ya LPG inabaki ileile mradi bado kuna maji ndani ya mtungi, iwe ni kilo 12 ama nusu kilo. Itaanguka dakika za mwisho tu, wakati tayari unasonga ugali. Inasaidia kwa kitu kimoja: funga jiko, washa regyuleta mshale upande, zima regyuleta, subiri dakika kumi. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Kwa kujua gesi imebaki ngapi, pima uzito. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwa chuma pale juu kwenye shingo. Toa huo kwa uzito wa sasa. Hiyo hesabu fanya hata dukani kabla ya kulipa, na muuzaji akikwambia mizani yake imeharibika, tembea.

Ya mwisho ni ile ya presha ya juu, yenye kinobu cha kuongeza na kupunguza. Ni ya majiko makubwa ya hoteli na ya wasee wa chapo na samosa pale Daraja Mbili. Ukiifunga kwa jiko la nyumbani, unapeleka presha mara nyingi zaidi ya yenye vali za hilo jiko zilitengenezewa. Moto utaruka mbali na bana, na paipu itasukumwa kuliko uwezo wake. Sura yake inafanana na zingine na zinakaa kwa rafu moja, so soma maandishi yaliyogongwa juu yake. Ya nyumbani itakuwa imeandikwa presha ya kutokea kwa milibaa. Isiyo na maandishi yoyote, wacha ikae hapo hapo.

Kwa nini sai mitungi inabadilishana, na kwa nini kitambo ilikataa

Kama ulizaliwa miaka ya 2000 hii itakushangaza. Kitambo kila kampuni ilikuwa na vali yake. Ukinunua mtungi wa kampuni fulani, unanunua regyuleta yake, na ukikosa gesi yake mjini Kisii unarudi kwa kuni hadi lori lije. Kununua mtungi ilikuwa kama kuoa.

Mwaka wa 2009 kanuni za LPG zikatoka, zikaagiza vali za mitungi ya nyumbani ziwe za aina moja kwa kila saizi, kampuni zote. Hapo ndipo regyuleta moja ikaanza kuingia kwa mitungi ya rangi zote, na ukaweza kuacha mtungi wa kampuni hii na kuchukua wa ile. Mwaka wa 2019 kanuni zilibadilishwa tena. Ule mfumo wa lazima wa kubadilishana ukaondolewa, na sai mwenye nembo ama mtu aliyepewa kibali naye ndiye anaruhusiwa kujaza mtungi wake. Mdhibiti ni EPRA, yenye kabla ya hapo ilikuwa inaitwa ERC. Duka kukubali mtungi wa kampuni nyingine sai ni makubaliano yao, so usishangae moja Keroka likikubali na lingine likatae.

Lakini vali kufanana kwa umbo haimaanishi vali zote ni nzima. Mradi wa serikali wa Gas Yetu, ule wa kupatia watu meko za kilo 6 kwa bei nafuu, ulikwama baada ya maelfu ya mitungi kupatikana na kasoro kabla haijafika kwa wananchi. Na kwa wajazaji wa vichochoroni mambo ni mabaya zaidi, juu hakuna mtu anaangalia vali kabla ya kujaza. Ule mlipuko wa Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, wenye uliua watu na kujeruhi wengine zaidi ya 200, ulitokea kwa kituo ambacho EPRA ilisema hakikuwa na leseni.

Ile rubber ring si yako

Hapa ndipo watu wa Kisii na Nyamira wanapoteza ganji bure, so soma polepole.

Kwa mtungi wa kubofya, kile kimpira cha duara chenye kinaziba gesi isitoke kando, mafundi wanakiita oringi, kinakaa ndani ya mdomo wa vali. Vali ni ya mtungi. Maana yake, kila ukibadilisha mtungi unapata oringi ya mtu mwingine. Inaweza kuwa mpya. Inaweza kuwa imepasuka, imekauka, ama haipo kabisa.

Sasa tuseme umerudi na mtungi mpya kutoka Capital, umebofya regyuleta, unaskia harufu. Wengi wanaamua regyuleta imekufa na wananunua ingine. Wanaifunga, harufu iko palepale. Kabla utoe pesa, toa regyuleta, washa tochi, chungulia mdomo wa vali. Kimpira kiko? Kimekaa sawa? Kina mikwaruzo? Kama kina shida, mtungi unarudi dukani, na ni haki yako ubadilishiwe. Njia rahisi zaidi ni kuangalia kabla ya kuondoka dukani, wakati anatoa kile kifuniko cha plastiki. Omba muuzaji afunge regyuleta hapo na apake povu la sabuni. Anayejua kazi hatakasirika.

Kwa meko ya kilo 6 hesabu ni hiyohiyo: cheki kimpira pale bana inapokutana na vali, na uzi wa kuzungushia usiwe umelika. Zungusha kwa mkono hadi ikaze. Ukihitaji pulaya ndiyo iache kuvuja, kuna kitu kimeharibika na nguvu zako zitakiharibu zaidi.

Servisi: nini unafanya, nini unaachia kiwanda

Regyuleta nyingi za nyumbani zimefungwa kiwandani kwa kukunja chuma pembeni. Hazikutengenezwa zifunguliwe. Kuna mafundi watakwambia wanaweza kuifungua na kukata utando mpya kutoka kwa tyubu ya pikipiki. Enyewe mikono yao ni fiti, na ni kweli itawaka siku hiyo. Lakini mpira wa kawaida ukikutana na LPG unafura na kulegea baada ya muda. Mpira wenye unavumilia gesi ni wa aina nyingine, unaitwa nitrile. Utando wa tyubu utakufia usiku fulani bila kukutumia ujumbe.

So servisi yako ni ya nje tu, na haichukui dakika tano. Kila ukibadilisha mtungi, panguza regyuleta kwa kitambaa kikavu, hasa upande wa kuingilia, na hakikisha katundu ka mgongoni kako wazi. Usipake mafuta ya kupikia ndiyo iingie laini. Angalia kama ina kutu, kama kinobu kinazunguka bila kukwama, kama “klak” bado inalia vizuri. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa juu yake. Watengenezaji wengi wanahesabu miaka 10 kama mwisho wa safari, hata kama kwa macho iko sawa, juu mpira unazeeka ndani kama nje hauonekani. Ukiinunua mtumba, ama ukirithi keja na regyuleta yake, na haina tarehe, hesabu imekwisha.

Paipu inazeeka haraka kuliko regyuleta. Ikunje kidogo pale karibu na jiko, mahali inapata joto. Ukiona mistari midogo kama kisigino kikavu, badilisha. Kata isiwe ndefu kupita kiasi, usiipitishe nyuma ya jiko la moto, na fungia kila upande kwa klipu ya chuma. Waya wa kufungia nyanya si klipu.

Jaribio la kuvuja ni sabuni na maji, povu jingi, kila kiungo. Kuanzia mdomo wa vali, regyuleta yote pamoja na katundu, mwanzo wa paipu, mwisho wa paipu. Mapovu yakikua, panavuja. Kuna wanaume watu wazima bado wanajaribu na kiberiti. Sina la kuongeza hapo.

Baridi ya Nyansiongo na maharagwe yasiyoiva

Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira zinafika 2,000 na kupita. Hiyo ina mambo mawili kwa gesi yako.

La kwanza, baridi. Mvuke unatoka kwa maji ya gesi kwa kunyonya joto la mtungi. Asubuhi ya ukungu pale majani chai, mtungi ukikaribia kuisha na uwe na butani nyingi, presha inashuka na moto unakuwa mdogo. Watu wanalaumu regyuleta. Kama moto ni mdogo asubuhi na mzuri mchana, regyuleta haina makosa. Weka mtungi ndani, mahali pakavu. Usiuweke kwa beseni la maji moto na usiuwashie jiko la makaa kando yake. Watu wamefanya hivyo na hawakurudia.

La pili, maji huchemka kwa nyuzi chache chini huku juu, karibu 94 mjini Kisii na 93 Nyamira, tofauti na 100 kule Mombasa. Maharagwe na chinsaga zinachukua muda mrefu zaidi, na gesi inaenda. Kuongeza moto hakuongezi joto la maji yanayochemka, kunachoma pesa tu. Sufuria ya presha inarudisha joto juu, na kwa mtu wa Nyamira ni uwekezaji wa maana kuliko regyuleta ya bei kali.

Na rangi ya moto: buluu ni poa. Njano yenye inaacha masizi kwa sufuria kwa kawaida inamaanisha hewa haichanganyiki vizuri, so safisha bana na matundu yake kwanza kabla ushuku regyuleta. Moto wa kuruka na kunguruma kwa jiko la mezani, huo sasa unaelekeza kidole kwa regyuleta. Zima.

Ukiskia harufu

Gesi yenyewe haina harufu. Wanaweka kemikali ndiyo pua yako ishtuke. LPG ni nzito kuliko hewa, inashuka chini na kutandaa sakafuni, kwa hivyo mwenye amelala godoro chini ndiye yuko hatarini zaidi. Inatosha iwe karibu asilimia 2 ya hewa ndiyo cheche iwashe. Bedsita haina hewa nyingi.

Zima kwa regyuleta ama kinobu cha meko. Fungua mlango na madirisha. Usiwashe taa, na usizime pia, juu swichi inatoa cheche pande zote mbili. Simu kaipigie nje. Kama unaweza kuchomoa mtungi na kuutoa nje bila kupita karibu na moto wa jirani, utoe. Kama tayari unawaka na hauwezi kufikia vali, toka, toa watu, piga 999 ama 112. Na kama ni nyumba ya mathe ushago (ama baba, kwa Ekegusii chetu, kabla wasomaji wa kwingine waanze kushangaa), mfundishe hii kwa vitendo, usimtumie tu kwa WhatsApp.

Wapiga mbizi wanafanya nini tofauti

Kuna wasee wa Gusii wanafanya mboka Diani na Watamu, na wengine wanataka kusomea kuzamia. Hii sehemu ni yao, lakini inakufunza kitu hata wewe wa jikoni.

Mtungi wa mpiga mbizi una hewa ya karibu baa 200. Regyuleta yake inashusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, pale kwa mtungi, inaleta hadi karibu baa 9 ama 10 juu ya presha ya maji yaliyomzunguka. Hatua ya pili, ile ya mdomoni, inamalizia hadi presha ya hapo alipo. Akishuka mita 10 zaidi, presha ya maji inaongezeka kwa baa 1, na utando unajirekebisha wenyewe, kwa akili ileile ya katundu ka regyuleta yako.

Kuna njia mbili za kuifunga kwa mtungi. Ya klampu inazunguka vali na kukazwa kwa skrubu, na oringi yake iko kwenye mtungi. Ya DIN inazungushwa ndani ya vali, na oringi iko kwenye regyuleta. Umeona? Mwenye klampu anaazima oringi ya mtungi wa kukodi, kama wewe na mtungi wa dukani. Mwenye DIN anatembea na yake na anajua umri wake. Ndiyo moja ya sababu wanaozama ndani sana wanapenda DIN.

Kwa vipuri, paipu za kampuni tofauti huingiliana kwa sababu uzi wa matundu ni wa vipimo vya pamoja. Lakini vitu vya ndani, hasa kile kiti cha vali, ni vya modeli. Hatua ya kwanza ya Scubapro MK25 inatumia pistoni, za Apeks zinajulikana kwa utando, na paketi ya servisi ya moja haifanyi kazi kwa nyingine. Ya utando huziba mashine isiguswe na maji ya chumvi na mchanga. Ya pistoni ina vipande vichache vinavyotembea na hupitisha hewa nyingi sana. Kwa kazi ya kila siku kwa maji yenye mchanga ningechagua ya utando, lakini muhimu zaidi ni kuuliza kama fundi mwenye cheti na vipuri vya hiyo modeli yuko karibu. Regyuleta nzuri ambayo vipuri vyake lazima vitoke ng'ambo ni pambo.

Wanaioga kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila kuzama, kifuniko cha vumbi kikiwa kimefungwa. Wanaipeleka servisi kwa kalenda, mwaka mmoja ama miwili kutegemea mtengenezaji, hata kama haijaonyesha shida. Oringi zote zinatupwa na mpya kuwekwa. Na kuna daftari la kuandika tarehe.

Hilo daftari unaweza kuliiba. Chukua kalamu ya wino mzito, andika mwezi na mwaka ulionunua regyuleta pembeni yake, mbali na lile katundu, halafu andika na ya paipu. Ukihama keja, ukiuza vitu, ama ukimwachia mdogo wako anayejiunga Kisii University, tarehe inaenda nayo.